Kutuliza Mapigo ya Moyo kwa Pumzi

Mapigo ya moyo na presha ya damu huendeshwa na mishipa ya fahamu pasipo mtu kuamua. Pumzi nayo hujiendesha, lakini mwanadamu aweza kuiongoza apendavyo. Kwa hiyo ndiyo njia ya kuyafikia hayo mengine. Mbinu hii huitwa mrejesho wa mwili: mtu huona kipimo cha mwili wake, hubadili pumzi, kisha hutazama kipimo kimeitikiaje. Utafiti wake ulishika kasi nchini Marekani katika miaka ya 1960.

Mkazi wa Miteja hahitaji mashine ili kuanza. Akae kwa utulivu dakika 5, aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, na kuhesabu mapigo kwa dakika 1. Kwa mtu mzima aliyepumzika, kawaida ni 60 hadi 100. Kisha avute pumzi polepole kwa sekunde 4 na kuitoa kwa sekunde 6, kwa dakika 5, ndipo ahesabu tena. Mara nyingi mapigo hupungua.

Presha, hata hivyo, haihesabiki kwa vidole. Hupimwa kwa mashine kwenye zahanati. Anayepata 140/90 au zaidi katika siku tofauti amwone mtaalamu. Pumzi huisaidia dawa, haishiki nafasi yake. Aliyeandikiwa dawa asiiache kwa kujisikia nafuu, kwani presha ya juu yaweza kukaa kimya mpaka kiharusi kitokee.