Mtoto akiteguka mguu, usikimbilie maji ya moto

Mtoto anarudi kutoka uwanjani akichechemea, kiatu kimoja mkononi, kifundo cha mguu kimeanza kuvimba. Katika nyumba nyingi kinachofuata kinajulikana: maji yanabandikwa jikoni, chumvi inatiwa, na bibi au jirani anayejua kuchua anaitwa.

Ndivyo tulivyofanya kwangu, kijana wangu wa miaka 11 alipoumia kwenye mazoezi ya timu ya shule. Alilia usiku kucha. Siku ya tatu tukampeleka hospitali, na picha ya eksirei ikaonyesha ufa karibu na ncha ya mfupa. Kumbe tulikuwa tunachua mfupa uliovunjika.

Mguu wa mtoto si sawa na wako. Karibu na ncha za mifupa mirefu kuna sehemu ya gegedu, ambapo mfupa huongezeka urefu. Sehemu hiyo ni dhaifu kuliko kano zinazoshikilia kiungo. Mguu ukijikunja, baba huumia kano tu, lakini mtoto anaweza kuvunjika hapo penye kukua. Pakipona vibaya, mguu huweza kukua umepinda au ukabaki mfupi kuliko mwenzake.

Joto na kuchua huongeza damu inayovujia ndani, na uvimbe unazidi. Siku 2 au 3 za kwanza ni za baridi. Kama huna friji, nunua kandoro iliyoganda dukani, ifunge kwenye kipande cha khanga ili isiguse ngozi, iweke dakika 15 hadi 20, kisha rudia baada ya saa 2 au 3. Asiukanyagie mguu. Akilala, uinue juu ya mito. Bendeji ikaze kiasi tu. Vidole vikiwa vya baridi, vikifa ganzi au kubadilika rangi, ilegeze mara moja. Kwa maumivu mpe parasetamo kwa kipimo cha umri na uzito wake. Asipirini usimpe mtoto.

Kuna hali ambazo hazingoji asubuhi: mguu umepinda, mtoto hawezi kupiga hata hatua 4, au analia ukibonyeza mfupa unaojitokeza pembeni mwa kifundo. Usijaribu kuunyoosha. Uache ulivyo, zungushia gazeti nene lililokunjwa, funga kwa kitambaa, nenda hospitali. Na aliyegongwa kichwa akawa kama amepotewa, hata kidogo, asirudi uwanjani siku hiyo, kocha aseme asemavyo.

Msimu wa UMITASHUMTA ukikaribia, wazazi huchangishwa fedha za jezi. Mimi ningeanza na viatu. Watoto wengi wanacheza na njumu za kaka zao, zimejazwa matambara mbele, halafu tunashangaa wanavyoteguka. Nenda pia ukautazame uwanja wenyewe, mashimo na mawe yaliyomo.

Muulize mwalimu wa michezo kama watoto wanapasha mwili moto kabla ya kucheza. FIFA ina mpangilio wa mazoezi uitwao FIFA 11+, unaochukua dakika 20 hivi na hauhitaji vifaa vya gharama. Utafiti umeonyesha kwamba timu zinazoufuata mara kwa mara hupata majeraha machache.

Kijana wangu alikaa na plasta ngumu wiki 6. Bibi yake bado anachua, ila migongo ya watu wazima.