Je, Wajua? Meli Huingia Ndani ya Volkano

Je, wajua kuwa huko Antaktika meli hupita mlango mwembamba wa bahari na kutia nanga ndani ya volkano iliyo hai? Ni kisiwa cha Deception. Sehemu yake ya juu ilititia zamani, bahari ikalijaza shimo.

Ukiingia tu, kulia kwako ni Whalers Bay. Mchanga ni mweusi, na maji yakipwa mvuke hufuka ufukweni. Kuanzia 1912 hadi 1931 Wanorwei walichemsha hapa mabaki ya nyangumi ili kupata mafuta. Matangi yao yamesimama bado, yameliwa na kutu, na mifupa imetapakaa. Ilikuwa kazi ya kikatili, lakini mabaki yake yanafaa kuonwa. Waingereza walianzisha kituo hapo 1944, wakahama baada ya milipuko ya 1967 na 1969. Tope la 1969 lilifukia hata makaburi ya wavuvi wa nyangumi.

Leo sili hulala kando ya matangi hayo. Nje ya ghuba, Baily Head, wanazaliana maelfu ya pengwini wenye mstari mweusi kidevuni.

Ukijaliwa kufika, kaa mita 5 mbali na pengwini, wala usiokote hata msumari: Whalers Bay ni eneo la kihistoria linalolindwa.