"Bovu" na "Kuoza" Si Neno Moja

Neno la Kiingereza "rotten" lina asili katika lugha ya watu wa Skandinavia waliovamia Uingereza zamani, na tangu hapo halikukaa mahali pamoja. Mwingereza hulitumia kwa yai, kwa jino, kwa ubao, hata kwa hali ya hewa isiyompendeza. Sisi hatuna anasa hiyo. Yai letu huwa viza, wali huchacha, samaki huvunda. Kazi inayosalia huachiwa "bovu".

Hapo ndipo mfasiri aponzwapo. Katika historia ya Uingereza mna majimbo ya uchaguzi yaliyoitwa kwa neno hilo, na mwenye haraka atayaita "majimbo mabovu". Lakini tazama yalivyokuwa. Old Sarum palihamwa karne nyingi kabla, pakabaki kilima na nyasi, nalo jimbo likaendelea kupeleka Bungeni wajumbe wawili. Dunwich, mji wa pwani uliomezwa na bahari sehemu yake kubwa, ulipeleka wawili pia. Wakati huo Manchester, mji wa viwanda uliojaa wafanyakazi, haukuwa na mjumbe wake hata mmoja! William Pitt, yule mkubwa, aliingia Bungeni mwaka 1735 kwa kiti cha Old Sarum kilichokuwa mikononi mwa jamaa zake. Na ni yeye huyo aliyesema mwaka 1766 kwamba sehemu hiyo ya katiba imeoza. Aliyekula humo ndiye aliyeitambua harufu.

Sasa na tupime. Baiskeli mbovu hupelekwa kwa fundi, na paa bovu huezuliwa likaezekwa upya. Ubovu waacha tumaini. Kilichooza hakina fundi, hukatwa kikatupwa. Ndivyo ilivyofanya sheria ya mwaka 1832: iliyafuta kabisa majimbo 56, na Manchester ikapewa wajumbe wawili. Basi yale yalikuwa majimbo yaliyooza.

Ama Bunge lenyewe lilibaki bovu, na hapa neno letu latosha. Mjini kura ilipewa mwanamume mwenye nyumba ya kodi ya pauni 10 kwa mwaka, na wafanyakazi walio wengi wakaachwa nje. Mwaka 1838 walitoa mkataba wa madai yao: kura kwa kila mwanamume wa miaka 21, tena ya siri. Hawakutaka Bunge livunjwe, walitaka litengenezwe. Kura ya siri ilikuja mwaka 1872. Ile ya wanaume wote iliwangoja hadi mwaka 1918.