Chakula cha kambini: Kwa nini maharagwe hayaivi mlimani

WENGI wanaojiandaa kupanda Mlima Kenya hushughulikia mno viatu, makoti na mahema, wakalisahau kapu la chakula hadi jioni ya mwisho. Hapo ndipo mchele, maharagwe makavu, nyama mbichi na mikebe mizito hutiwa mkobani bila mpango. Siku mbili baadaye, katika kambi iliyo mita 4,200 juu ya usawa wa bahari, maharagwe huchemka jioni nzima yasiive, gesi ikaisha, na watu wakalala njaa kwenye baridi kali.

Kosa hilo halitokani na upungufu wa moto. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo shinikizo la hewa linavyopungua, na maji huchemka upesi yakiwa na joto la chini. Kwa wastani, kiwango cha kuchemka hupungua kwa nyuzi moja kila mita 300. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100, Nairobi kwa takriban 94, na katika kambi ya Shipton's, kwenye njia ya Sirimon, kwa takriban 86. Kuongeza moto hakuongezi joto la maji yanayochemka. Kunamaliza gesi tu.

Hatari ya maharagwe haiishii kwenye ugumu wake. Maharagwe mekundu yana sumu ya asili ambayo huharibiwa kwa kuchemshwa barabara. Yakipikwa nusunusu, mlaji huweza kutapika na kuhara. Mlimani dalili hizo hutatiza mambo, kwani kutapika pia ni dalili ya ugonjwa unaosababishwa na uhaba wa oksijeni. Anayetapika na kuumwa kichwa akiwa huko juu asilazimishwe kula wala kuendelea kupanda. Hali ikizidi kuwa mbaya, dawa ya kwanza ni kumteremsha.

Maadamu mambo ni hayo, mpishi wa kambini hana budi kujiuliza maswali matatu kuhusu kila chakula: kinahitaji moto kiasi gani, maji kiasi gani, na kitakaa siku ngapi bila kuharibika?

Siku ya kwanza ndiyo ya vyakula vilivyopikwa nyumbani. Chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu na nduma havihitaji jiko. Githeri iliyoiva kabisa nyumbani, ikapoa na kufungwa vyema, yaweza kuliwa mchana huo, almuradi isikae kwenye joto kwa muda mrefu. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ni kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe kwa zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida. Wali uliolala ndio wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa vijidudu vyake huacha sumu isiyoondolewa kwa kupashwa moto.

Kuanzia siku ya pili, unga ndio mfalme. Ugali huiva hata mlimani kwa sababu wanga wa mahindi huvimba na kushikana kabla ya maji kufikia nyuzi 80. Uji wa wimbi uliochanganywa na karanga zilizosagwa hupikwa kwa muda mfupi na kumshibisha mtu asubuhi nzima. Anayetaka wali auloweke mchele mapema, aufunike kwa kifuniko kizito, na akubali kusubiri.

Kitoweo nacho kiwe kikavu. Katika suala hili Wakenya hawahitaji kujifunza kutoka mbali. Jamii za wafugaji wa kaskazini, wakiwemo Waborana na Wasomali, hutengeneza nyirinyiri: nyama ya ng'ombe au ngamia hukatwa vipande vyembamba, ikaanikwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta yake. Mafuta huizuia hewa, na ukavu huwanyima vijidudu maji ya kuzaliana. Waluo wana aliya, yaani nyama iliyokaushwa, na obambla, samaki aliyepasuliwa na kuanikwa juani. Omena zilizokaangwa zikakauka, pamoja na majani ya kunde yaliyokaushwa, hukamilisha mlo kwa uzito mdogo sana. Wahenga waliposema akiba haiozi, wafugaji na wavuvi hao walikuwa wameigeuza kauli hiyo kuwa ufundi.

Njiani, mpandaji ale kidogo kidogo bila kungoja njaa, kwani mwinuko huondoa hamu ya chakula. Tende, karanga, simsim, ndizi na chai ya tangawizi yenye sukari hupokelewa na tumbo hata pale sahani ya nyama inapokataliwa. Maji ya mito yachemshwe kwanza. Penye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, yaachwe yachemke kwa dakika tatu.

Kuna wanaodhani kwamba kambi haijakamilika bila nyama ya porini. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 inakataza hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo. Fauka ya hayo, nyama inayouzwa kichinichini kando ya barabara haijakaguliwa na daktari wa mifugo, na mnyama aliyekufa kwa kimeta huweza kumwambukiza anayemchuna na anayemla. Kitoweo cha safari kinunuliwe buchani, kikaushwe nyumbani.

Moto nao una masharti yake. Mnamo Machi 2012 moto mkubwa uliteketeza sehemu za Mlima Kenya, na nyasi za huko juu hushika moto kwa urahisi wakati wa kiangazi. Mpishi atumie jiko la gesi au la mafuta ya taa, mahali pasipo na nyasi. Jiko lisiingizwe hemani kwa ajili ya kuota. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Hatari ya jiko la makaa ni kubwa zaidi, kwani huendelea kuitoa hata baada ya moshi kuisha.

Kuhusu ufungaji, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mnamo Agosti 2017, na tangu Juni 2020 chupa, vikombe na sahani za plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika mbuga na hifadhi. Vitambaa safi, mikebe ya chuma yenye vifuniko na chupa za kudumu vinatosha. Chakula kisilale hemani, kwani harufu yake huwaita fisi, nyani na panya. Kwenye kambi za mbugani, kifungiwe ndani ya gari. Mabaki yote yarudishwe nyumbani.

Jambo la mwisho hufanywa kabla ya safari. Pika mlo mmoja wa kambini ukiwa nyumbani, kwa jiko lile lile na sufuria ile ile, huku ukipima muda na gesi inayotumika. Mlimani chakula hicho kitachukua muda mrefu zaidi. Kikikuchelewesha ukiwa nyumbani, kiache huko huko.