Unaenda Zanzibar? Panga Pesa Yako Kabla ya Kupanda Ndege

Mwenzetu mmoja hapa ofisini alienda Zanzibar na marafiki zake watatu. Siku ya nne wakiwa Jambiani, upande wa mashariki wa kisiwa, walimaliza chakula cha jioni na bili ikaletwa. Kadi ikakataa kwa sababu mtandao wa mashine ulikuwa chini. Akatoa simu. Salio lilikuwa zaidi ya KSh 38,000, lakini hakuwa amewasha huduma ya laini kutumika nje ya nchi, ile sote tunaiita romingi, kwa hivyo ujumbe wenye namba ya kuthibitisha malipo haukuingia. Mtu anayefanya kazi kwenye kampuni ya malipo ya simu, pesa anazo, na ameshindwa kulipia samaki! Aliyewaokoa ni mwenye nyumba waliyopanga, aliyewakopesha mpaka asubuhi.

Tumemcheka vya kutosha. Lakini maswali mnayotutumia kila msimu wa likizo yanaonyesha hayuko peke yake, kwa hivyo hebu tuyajibu hapa.

Shilingi mbili, jina moja

Wakenya hupotea Zanzibar kwa sababu rahisi sana: wao wanatumia shilingi na sisi tunatumia shilingi, na lugha ni ile ile. Muuzaji pale Forodhani akikuambia sahani ni elfu kumi, sikio lako linasikia elfu kumi ya Nairobi na moyo unaruka. Hiyo si mbaya, kwa sababu utauliza tena. Mbaya ni siku ya tatu, ukishazoea noti za elfu kumi na kuanza kuziona kama karatasi tu. Unatoa nne kwa teksi bila kufikiri, kumbe hizo ni kama KSh 2,000.

Tangu katikati ya 2024, shilingi moja ya Kenya imekuwa ikipata karibu shilingi 20 za Tanzania, mara chini kidogo, mara juu kidogo. Angalia kiwango cha siku unayosafiri, kisha tumia hesabu hii ya haraka: ondoa sifuri moja, halafu gawa kwa mbili. Ukiambiwa 30,000, ondoa sifuri ibaki 3,000, gawa kwa mbili upate KSh 1,500. Ifanye kila mara kabla ya kusema "sawa". Kwa vitu vidogo pia.

Jambo lingine ambalo watu hawalitarajii: noti kubwa kabisa ya Tanzania ni ya 10,000, yaani kama KSh 500. Ukibadilisha KSh 20,000 unapewa karibu noti arobaini. Pochi haifungi. Gawa pesa hizo mapema, za leo mfukoni na nyingine zibaki chumbani zimefungiwa.

Je, nibebe dola?

Swali hili tunaulizwa kuliko yote. Zamani jibu lilikuwa ndiyo. Lakini Machi 2025 Tanzania ilitoa kanuni zinazokataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutajwa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni. Bado utakutana na bei za dola kwenye tovuti za hoteli, ila ukifika kisiwani, shilingi ya huko ndiyo ya kutumia.

Na dola zina gharama ambayo haionekani. Unabadilisha mara mbili, shilingi ya Kenya kwenda dola, kisha dola kwenda shilingi ya Tanzania, na kila duka la kubadilisha pesa linakata chake. Tuseme kila moja linakula asilimia 3. KSh 50,000 zako zinabaki thamani ya KSh 48,500, kisha KSh 47,045. Karibu elfu tatu zimeyeyuka na hata bahari hujaiona. Kama lazima ubebe dola kidogo za dharura, chukua noti mpya zisizo na mikunjo wala maandishi. Noti za zamani au zilizochanika hukataliwa sana, na noti ndogo ndogo mara nyingi hupewa kiwango cha chini kuliko ya 100.

Shilingi za Kenya nazo unaweza kupata pa kuzibadilisha mjini, lakini linganisha maduka mawili matatu kwanza. Na yule kijana anayekuita pembeni na bunda mkononi, akiahidi kiwango kizuri kuliko cha benki, mpite tu.

Simu yako

Washa romingi ukiwa bado Kenya, kisha hakikisha kwamba programu yetu inafunguka kwa intaneti bila kutegemea laini. Menyu za nyota na reli huenda zisifanye kazi ukiwa nje. Hata kama utanunua laini ya Tanzania kwa ajili ya intaneti (beba pasipoti, usajili unaihitaji na alama za vidole pia), usiitoe laini yako ya Kenya kwenye simu. Namba za kuthibitisha malipo zinaingia huko.

Madukani utaona mabango ya "Lipa Namba". Kazi yake ni kama ya till zetu, lakini usidhani itapokea malipo kutoka laini ya Kenya. Mara nyingi njia inayofanya kazi ni kutuma kwa namba ya mtu, inayoanza na 255. Hapo tunawaomba mtulie. Jina la mpokeaji likitokea, lisome kwa sauti mbele yake kabla ya kuweka PIN. Ukikosea namba hapa nyumbani, kuzirudisha pesa ni usumbufu. Zikishavuka mpaka, mtandao mwingine unahusika, na mpokeaji akishazitoa kwa wakala hatuna njia ya kuzivuta kutoka mfukoni mwake. Tunasema hivyo wazi kwa sababu kesi hizi zinatuumiza hata sisi.

Kadi na ATM

ATM nyingi ziko mjini. Ukielekea fukwe za mashariki au kaskazini, toa pesa kabla ya kuondoka. Na kwa kuwa ada ya kutoa hukatwa kila mara, ni nafuu kutoa mara moja kiasi cha siku tatu kuliko kutoa kidogo kidogo.

Mashine ya kadi ikikuuliza kama unataka kulipa kwa shilingi za Kenya au za Tanzania, chagua za Tanzania. Ukichagua za Kenya unajisikia nyumbani, lakini mwenye mashine ndiye anayekubadilishia kwa kiwango chake, na kiwango hicho mara nyingi ni kibaya kuliko cha benki yako.

Uliza pia hoteli kuhusu tozo ya kila usiku kwa kila mgeni, ambayo mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni. Na boti ya kutoka Dar ina bei ya mwenyeji na bei ya mgeni. Kiswahili chako kizuri hakikufanyi mwenyeji, tumeshajaribu.

Siku ya mwisho tumia shilingi za huko kwanza, kwa sababu ukirudi nazo Kenya utapoteza tena kwenye kubadilisha. Na kabla ya safari hifadhi namba yetu ndefu ya huduma kwa wateja, ile inayoanza na +254. Ile fupi unayoijua kwa kichwa huenda isiingie ukiwa Jambiani.