Nyumbufu na mnato katika kuelezea polima

Kivumishi *nyumbufu* huelezea kitu kinachorejea umbo lake baada ya kubanwa. Nomino *mnato* hutaja ukinzani wa kitu dhidi ya kutiririka. Polima huchanganya tabia hizo mbili. Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, ambalo njia yake hukatiza mkoa wa Singida, hufukiwa ardhini likiwa limevikwa povu la poliyurethani na gamba la polietilini, ili mafuta yatunze joto yasigande. Uigaji wa matabaka hayo kwa kompyuta hauna budi kuhesabu joto na muda, kwani polima iliyolemewa na udongo kwa miaka mingi huenda isirejee kikamilifu. Mfasiri anayeandika *nyumbufu* pekee humwaminisha msomaji kwamba itarejea daima. *Nyumbufu-mnato* ndiyo istilahi inayofaa.