Mkondo wa Bahari na Watoto Wetu wa Mlimani

Akina mama wenzetu, sisi wa Marangu tumezoea maji yanayoshuka. Yakishaporomoka pale Kinukamori hayana habari ya kurudi. Maji ya mitelemko yetu hukusanyika bwawani Nyumba ya Mungu, kisha husafiri hadi Pangani, mkoani Tanga, yanapoingia Bahari ya Hindi. Huko mambo hubadilika, maana bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na mkondo mlangoni mwa mto hugeuka nayo.

Twaandika haya kwa sababu vijana wetu huenda pwani kwa masomo, kazi na likizo. Wakiona ngalawa zikishindana, nao hutamani kupanda. Kuwakataza tu hakusaidii sana. Kijana wa miaka 17 akishafika ufukweni, mama yuko mbali.

Ngalawa ni gogo la mwembe lililochongwa, jembamba, lenye tanga moja na ubao kila upande wa kuizuia isipinduke. Unguja hushindaniwa wakati wa sikukuu. Kule Lamu, nchini Kenya, hushindanisha mashua, na mabaharia hukaa juu ya ubao unaotokeza nje, upande unaotoka upepo, ili chombo kisilale.

Mtu wa bara hudhani mshindi ni mwenye tanga kubwa. Sivyo. Chombo kinachokwenda maili 5 kwa saa kikikabili mkondo wa maili 3, kinasonga maili 2 tu. Kikienda nao, kinapata 8. Kwa hiyo nahodha mjuzi, mkondo ukimpinga, hujibanza karibu na ufuko ambako maji hayana nguvu sana. Ukimfaa, hutoka katikati. Kushindana nao kwa ubishi ni kazi ya mgeni.

Wavuvi husoma hayo mwezini. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na mikondo huwa mikali. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari hutulia kidogo. Kila siku maji hujaa yakichelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. (Mama anayepanga siku kwa saa ya ukutani angesumbuka huko!) Tena maji yakitoka huku upepo ukiingia, mawimbi husimama mafupi na makali, hata kama mbingu ni nyeupe.

Nje zaidi upo mkondo mkubwa unaokwenda kaskazini mwaka mzima kando ya pwani ya Tanzania, nao huzidi nguvu wakati wa kusi. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I, iliyojaza watu kupita kiasi, ilizama kati ya Unguja na Pemba. Mamia walikufa. Ikiwa meli yenye injini ilipotea hapo, kijana wetu kwenye gogo la mwembe asitoke bila jaketi la kuokolea, lililofungwa mwilini na si la kukalia.

Ngalawa ikipinduka, aishike asiiache. Ni mti, haizami upesi. Akichukuliwa na mkondo, asiogelee kuukabili, bali aukate kwa upande, au aelee na kuinua mkono.

Sisi wauguzi tuna neno moja kwa watakaompokea ufukweni. Wasimminye tumbo ili atapike maji, wala wasimning'inize kichwa chini. Kama hapumui, apuliziwe pumzi mdomoni mara moja, pua ikibanwa. Asipoonyesha dalili ya uhai, akandamizwe kifua kwa nguvu na kwa haraka katikati, pumzi zikiendelea. Akizinduka, afunikwe nguo kavu na apelekwe hospitali, hata kama ameketi na kuomba chai. Mapafu yaliyoingiwa na maji yaweza kuharibika saa kadhaa baadaye, usiku, watu wakiwa wamekwisha kulala.